Raiden wa Metal Gear Solid 2 hakuwa mlialia. Tulimwonea

Mtoto wa Ujiji (mleta uzi)

Wakuu, salaam zenu. Uzi huu nimeuahirisha kwa miaka. Kila zinapotajwa gemu za PS2 humu, lazima atokee mtu wa kusema Metal Gear Solid 2 ingekuwa gemu bora ya zama zile kama si yule Raiden: mlialia, nywele za kike, kila hatua anasemeshwa na mchumba wake redioni. Nimeyasoma mara nyingi mno, na leo nimeona niseme yaliyo moyoni. Ni andiko refu, vumilieni. Nitataja mpaka mwisho wa hadithi, hivyo ambaye hajacheza ajue mapema.

Kwa wasioijua, gemu ilitoka Novemba 2001, kazi ya Konami chini ya Hideo Kojima. Mwanzo unacheza kama Solid Snake, shujaa wa gemu ya 1998, unanyatia ndani ya meli ya mafuta pale New York huku mvua inanyesha. Raha tupu. Meli inazama. Hadithi inaruka miaka miwili, anaibuka mzamiaji kutoka majini kwenye mtambo wa baharini unaoitwa Big Shell, anapanda lifti, anavua kifuniko cha uso. Si Snake. Ni kijana wa nywele nyeupe ambaye vita anavijua kwa mazoezi ya kompyuta tu, au ndivyo anavyoamini. Huyo ndiye Raiden, na ndiye utakwenda naye hadi tamati. Matangazo ya kabla ya hapo yalimwonyesha Snake, Snake, Snake. Kwa hiyo watu waliona wameuziwa mbuzi kwenye gunia, na hasira hiyo siikatai hata kidogo. Ninachokataa ni kwamba walimwacha muuzaji wakampiga mbuzi.

Na mimi nilikuwamo. Tuliicheza 2004 nyumbani kwa mama mkubwa, PS2 iliyopigwa chipu, diski ya kuchoma, memori kadi moja kwa watu wanne. Kifuniko kile kilipovuliwa, kaka yetu mkubwa aliweka pedi chini akatoka nje. Sisi wengine tukamaliza gemu kwa kinyongo, tukiruka mazungumzo yote ili tufike kwenye mapigano. Nimeirudia nikiwa mtu mzima mwenye familia, safari hii nikasikiliza kila neno, na ndipo nikajua kwamba mara ya kwanza sikuicheza.

Tuanze na Rose, yule mchumba wa redioni, maana ndipo watu wanapoanzia matusi. Katika gemu hii hakuna kusevu kimyakimya. Unafungua redio, Rose anapokea, ndiye mwenye kazi ya kutunza kumbukumbu za safari. Na kila unaposevu ana neno: Jack (hilo ndilo jina la kweli la Raiden), unakumbuka kesho ni siku gani? Kesho ni tarehe 30 Aprili. Jack hakumbuki. Anakwepa, anasema yuko kazini. Sisi tulibonyeza kitufe tukaruka. Ukisikiliza, polepole yanatoka mambo mazito. Rose anaeleza siku alipofika chumbani kwa Jack kwa mara ya kwanza akakuta kitanda na kimeza, basi. Hakuna picha ukutani, hakuna chochote cha kumwambia mgeni hapa anaishi nani. Rose alishtuka, wakagombana. Kwa Jack kile kilikuwa chumba cha kulala tu, hakuona tatizo liko wapi. Na usiku anauogopa, hataki kulala penye mtu mwingine.

Mtu mzima mwenye kazi na mchumba, hana hata kalenda ukutani. Nilipolisikia hilo nikiwa na miaka thelathini na kitu nilisimamisha gemu.

Sababu tunaijua baadaye sana. Jack alikuwa askari mtoto katika vita vya wenyewe kwa wenyewe Liberia. Aliyemlea na kumfundisha kuua ni Solidus, ambaye sasa ndiye adui mkuu wa hadithi. Solidus ndiye aliyewaua wazazi wake, kisha akamchukua kama mwana. Watoto walichanganyiwa baruti kwenye chakula, wakaonyeshwa filamu za mapigano kila siku ili mikono izoee. Akiwa na miaka kama kumi hivi tayari anaongoza kikosi cha watoto wenzake, na ana majina ya kutisha, mojawapo Shetani Mweupe. Waliompeleka Big Shell wanayajua haya yote. Yeye mwenyewe ameyafukia mbali mpaka anajitambulisha kama mgeni wa vita.

Sasa rudini mwanzo wa gemu na hiyo taarifa mkononi. Kila anapouliza kwa nini nimetumwa mimi, kila anapotaka kuthibitishiwa na Kanali redioni, kila anapomtazama Snake kwa jicho la mtu anayetamani kuwa mwingine, huyo si mtoto wa mama. Huyo ni mtu asiye na kitu ndani cha kukishika akasema "huyu ni mimi". Hata Kanali anayempa amri inadhihirika si mtu. Ni akili mnemba, na sehemu ya sauti ile imejengwa kwa mategemeo ya Jack mwenyewe. Alikuwa anatii mwangwi wa hofu yake.

Halafu lile tukio la utupu. Anakamatwa, anavuliwa nguo zote, anaamka kwenye meza ya mateso, na sehemu nzima inayofuata unamwendesha akiwa uchi, mikono imeziba mbele, anapiga chafya kwa baridi. Tulicheka mpaka machozi. Picha zake bado zinazunguka mitandaoni. Mimi siwezi tena kucheka. Amepokonywa silaha, nguo, Kanali wake anapayuka maneno ya kichaa, na ukweli wa utoto wake ndiyo kwanza umetupwa mbele yake. Na bado anakwenda. Kama kuna mwoga wa namna hiyo, mnionyeshe jasiri.

Mwisho ni juu ya Federal Hall, New York, tarehe 30 Aprili, jengo ambalo mahali pake George Washington alikula kiapo cha urais siku kama hiyo mwaka 1789. Baada ya Solidus kuanguka, Raiden anashika vile vibati vya jina vya askari shingoni. Kumbukeni mwanzoni kabisa, kwenye kompyuta ya kwanza, gemu ilikutaka uandike jina lako. Ndilo lililo kwenye vibati. Snake anamuuliza kama anamjua huyo. Anasema hapana, anavitupa. Jina atajichagulia mwenyewe.

Vile vibati ni sisi. Tulimwendesha gemu nzima huku tukimtukana, na yeye akatutua chini akaenda kumtafuta Rose kwenye umati. Kwa nini tulimchukia nadhani jibu liko hapo.

Karibuni. Wenye kupinga pingeni, ila mwe mmeicheza.

---

Kijiti cha Msasani

Mkuu, heshima kwa andiko, ila naomba kutofautiana. Nimeicheza mara tatu, tena kwa ugumu wa juu. Tatizo langu si kwamba Raiden ana machungu. Snake naye ana machungu kuliko yeye, ametengenezwa maabara kwa nakala ya damu ya mtu mwingine, kapigana na ndugu yake, lakini anayabeba. Raiden anayasema. Mtu umetoka kazini umechoka, unataka kuwa Snake kwa saa mbili, unapewa kijana anayehitaji ushauri nasaha. Hiyo ni dosari ya gemu, tusiipambe.

---

Mtoto wa Ujiji

Mkuu Kijiti, hoja yako naiheshimu, na kuna mahali uko sahihi: kupewa kitu ambacho hukuomba kunauma.

Ila hapo kwenye "Snake anayabeba" ndipo tunapoachana. Gemu ya kwanza ilimkuta Snake wapi? Alaska, kajitenga na watu, na mbwa wake. Huko ndiko kubeba kwenyewe. Tumefundishwa kwamba mwanamume akinyamaza ni imara, akiuliza ni dhaifu. Snake alikimbilia barafuni, Raiden anajaribu kuishi mjini na mwanamke anayempenda na hajui inafanywaje. La pili naliona gumu zaidi.

Na muangalie Snake mwenyewe anavyomchukulia. Anamwonya juu ya mazoezi ya kompyuta yanayofanya vita ionekane mchezo, anamwelekeza, kisha anapigana bega kwa bega naye. Hamdharau hata mara moja. Sisi mashabiki wa Snake tulimdharau kwa niaba ya mtu ambaye hakutuagiza. Kojima alishaeleza kwamba alitaka tumwone Snake kwa macho ya mtu mwingine. Ni kweli, ukiwa Raiden ndipo unaona Snake anavyotisha na anavyovutia. Ukiwa Snake huwezi kuona hilo.

Jambo la Emma, binti mtaalamu wa kompyuta ambaye Raiden anatumwa kumtoa Big Shell, sikulisema juu, niliseme hapa. Emma anaogopa maji, maana utotoni aliwahi kunusurika kufa maji. Njia pekee ni kupita chini ya maji, na anayempitisha ni Raiden. Unamwogelesha ukitazama pumzi yake inavyopungua, ukitoka majini unamshika mkono mnatembea. Ukikimbia mno unamkokota, kwa hiyo unajifunza kwenda kwa mwendo wake. Dakika zile hazina risasi nyingi, na kwangu ndiyo sehemu bora ya gemu nzima. Huyu tunayemwita mbinafsi ndiye alipewa kazi ile, na Emma alipokufa mwishoni hakujifanya haimuumi.

---

Otieno wa Pipeline

Niaje wasee. Mimi ni wa upande wa Kenya, nilimjua Raiden kupitia Metal Gear Rising ya 2013, ile ya kukatakata kila kitu kwa upanga. Huyo ndiye Raiden. Hata kwenye Metal Gear Solid 4 ya 2008 akishakuwa nusu mashine anashuka pale na ng'ombe wale wa chuma (mashine za vita zinazolia kama ng'ombe), wacha tu. Nikirudi nyuma kwa MGS2 naona kama ni mtu mwingine. Si inaonekana hata waliotengeneza waliona makosa wakarekebisha?

---

Mtoto wa Ujiji

Otieno karibu sana. Rising nimeimaliza, naipenda, upanga ule mtamu.

Lakini fikiria tulichoomba tukapewa. Kilichombadilisha kati ya 2001 na 2008 ni nini? Alitekwa, akakatwakatwa, mwili ukabadilishwa wa chuma. Kwenye MGS4 ameachana na Rose, ameambiwa mtoto wao mimba iliharibika, amekuwa mlevi, anajitupa kwenye vita kama mtu anayetafuta kifo. Anapoteza mkono, anaendelea. Anapoteza wa pili, anashika upanga kwa meno. Na dunia nzima ikasema sasa ndiyo mwanamume! Alipokuwa na ngozi na maswali tulimzomea, alipobaki kiwiliwili cha chuma kisichouliza tukampigia makofi. Siwezi kuita hayo marekebisho.

Mashabiki hawapendi kukumbuka mwisho wake katika gemu hiyohiyo. Yuko kitandani hospitali, Rose anaingia na mtoto wa kiume, John, yuko hai, alifichwa ili awe salama. Raiden anataka kujificha kwa kuogopa mtoto atamwona anatisha. Mtoto anamwona anapendeza. Yule wa kwenye chumba kitupu bado yumo mle ndani ya chuma, Otieno.

---

Binti Mvita

Nimesoma kimya kimya tangu mwanzo, sasa niingie. Ndugu mleta uzi, umemtetea Jack vizuri ila Rose umempitia juu juu. Rose mwenyewe anakiri baadaye kwamba alielekezwa na Patriots, lile kundi la siri linaloendesha mambo yote nyuma ya pazia, amkaribie Jack. Hata muonekano wake aliurekebisha ufuate anavyovipenda Jack. Kisha akampenda kweli, na ana mimba yake. Kwa hiyo hebu waza: mtu ana hofu kwamba hakuna anayempenda kwa nafsi yake, na hofu hiyo ikatokea kuwa kweli, halafu anaombwa aamini kwamba sasa si kweli tena. Mimi ningevunjika. Wanaosema Jack hajiamini, kwani alikuwa na sababu gani ya kujiamini? Jina alipewa, kazi alipewa, mchumba alipewa.

Na Rose naye ametukanwa kupita kiasi. Yeye ndiye mtu pekee katika gemu anayemuuliza huyu kijana hali yake.

---

Mtoto wa Ujiji

Dada Binti Mvita, umenisahihisha na nimekubali. "Jina alipewa, kazi alipewa, mchumba alipewa", sikuwa nimeliona hivyo. Ongeza na uhai wenyewe: pale juu ya Federal Hall hataki kupigana na Solidus, anachoka kutumiwa, Patriots wakamwambia akifa yeye, mtoto wa Olga (yule askari wa kike aliyemsaidia, ambaye mwanawe wamemteka) naye atakufa. Hata ugomvi wa mwisho hakuuchagua.

---

Mwana wa Kadutu

Salamu kwenu wote. Mimi niko Bukavu. Gemu hii tuliicheza hapa mjini siku nyingi, kwa Kifaransa, na nataka kusema mambo mawili.

La kwanza. Ninyi mnasema askari mtoto, sisi huku neno ni kadogo. Vita ilipoanza 1996 huku Kivu, watoto waliingia kwa Kabila, wengine kwa nguvu, wengine kwa kupenda kwa sababu ya njaa, na walitembea kwa miguu mpaka Kinshasa, Mei 1997. Kadogo. Neno lenyewe ni la kubembeleza, ndivyo mama anaita mtoto wake mdogo. Kaka yangu aliondoka na miaka kumi na miwili. Alirudi nyumbani ana kumi na tisa. Sasa mimi nilipocheza hii gemu nikasikia yule mwanamke anasema chumba hakina kitu, nilizima. Kwa sababu kaka alipewa chumba na baba, na kwa miaka kilikuwa na godoro peke yake. Nguo zake ziko ndani ya mfuko, mfuko umefungwa, kama mtu wa kuondoka asubuhi. Ukiingia wakati amelala unasimama mlangoni, unaita jina kutoka mbali. Huyo mtu aliyeandika ile hadithi kule Japani, sijui nani alimwambia, lakini aliambiwa kweli.

La pili, na hili si zuri. Vita ya Liberia ilikuwa ya watoto wa Liberia. Kikosi cha watoto cha Charles Taylor, mkuu wa waasi kule, kilikuwapo kweli, walikiita kikosi cha wavulana wadogo, na gemu inatumia jina hilohilo. Lakini katika hadithi nzima hakuna mtoto wa Liberia hata mmoja mwenye jina. Mwenye jina na machozi ni mzungu mmoja. Wale wengine wote ni idadi ya aliowaua au aliowaongoza. Ninamwonea Raiden huruma, mleta uzi, uko na haki. Lakini wakati unamtetea, weka nafasi ya wale.

---

Kijiti cha Msasani

Mwana wa Kadutu, nimesoma mara mbili. Pole sana kwa familia. Nilichoandika juu kuhusu kuyabeba na kuyasema, nakiondoa.

---

Mtoto wa Ujiji

Mwana wa Kadutu, ndugu yangu, asante. Mimi ni wa Kigoma, kadogo tuliwasikia kwa majirani waliovuka ziwa, lakini sikuwahi kuliweka neno hilo na Raiden mahali pamoja. Na hilo la pili umelisema kwa haki. Nimeandika maneno yote yale juu ya jina lililotupwa na jina la kujichagulia, na sikujiuliza kuhusu wenzake wa kikosi kile. Kojima alichukua vita ya watu akaifanya shimo ndani ya kifua cha mtu mmoja. Ni dosari kubwa, na kumpenda Raiden hakuniruhusu kuificha.

Bado nasimama na utetezi wangu, ila sasa nauelekeza vizuri zaidi. Gemu chache sana za wakati ule zilithubutu kumpa mchezaji kadogo aliyekua, si akiwa na bunduki porini, bali akiwa amerudi, ana mchumba, anaulizwa kesho ni siku gani na hajui la kujibu. Tukiyaruka mazungumzo yale tunabaki na nywele nyeupe na upanga.

Kama hutojali, kaka yuko hali gani sasa?

---

Otieno wa Pipeline

Swali dogo kabla ajibu. Hii MGS2 naipata aje siku hizi bila PS2? Nataka kuianza upya nisikilize hizo simu za Rose.

---

Mtoto wa Ujiji

Otieno, Oktoba 2023 Konami walitoa mkusanyiko wa zile za zamani, Master Collection, sehemu ya kwanza ina MGS ya kwanza, ya pili na ya tatu. Ipo ya PS5, Switch na kompyuta. Ukifika kwenye kompyuta ya kuandika jina, andika lako la kweli. Na usimsevie Rose harakaharaka. Ukishasevu, mpigie tena.

---

Mwana wa Kadutu

Mleta uzi, sijali, umeuliza vizuri. Kaka yupo. Anatengeneza pikipiki hapa Kadutu, ana vijana wawili anawafundisha. Kulala bado ni shida, mke wake amezoea, anaita jina kutoka mlangoni kama sisi. Mwaka juzi walihamia nyumba yao, nilienda kumsaidia kubeba vitu. Siku hiyo alinituma sokoni misumari. Nikamuuliza ya nini. Akasema ya kutundika picha ya harusi.